Maji ya Lazaro

Baba tulimzika mwezi uliopita. Wasifu wake ulisomwa uani, chini ya turubai la kukodi, karatasi mbili nzima: alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alilima kahawa, alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Mama yangu alipewa mstari mmoja. "Mke wake wa kwanza, mama wa nyumbani, alifariki kwa ajali." Msomaji akameza mate, akaendelea na mke wa pili.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, mstari wa pili, kitenge mdomoni. Watu walidhani nalia, shangazi mmoja akanipapasa mgongo. Sikuwa nalia. Nilikuwa nauma kitambaa nisije nikasimama nikapiga kelele mbele ya mchungaji. Ajali gani? Aligongwa na gari lipi? Mama yangu alikufa akifuata maji ya mtoto wake, na kuna watu waliomsukuma hatua kwa hatua mpaka akafika pale alipofia. Nitawataja. Wengi wameshalala makaburini, na waliobaki hawana tena la kunifanya. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisoma hivi hivi nilivyo.

Mliokuwa watoto miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mnakumbuka. Sabuni ilirudi madukani. Sokoni Tengeru mitumba ilimwagwa chini kama mahindi, na kina mama wakawa wanachomoa makoti ya wazungu wakicheka. Wanunuzi wa kahawa wakaanza kuja wenyewe mpaka mlangoni na mizani yao, na wanaume wakajifunza kushika hela ya kahawa siku hiyo hiyo na kuimaliza siku hiyo hiyo. Sisi tulikaa juu ya Tengeru, upande wa mlimani, nyumba ya mbao na bati katikati ya migomba. Mfereji ulipita nyuma ya jiko. Maji yake yalikuwa maangavu na ya baridi, unaona kokoto chini moja moja, na hayo ndiyo yaliyotuchoma meno.

Mtu wa kwetu haelezwi habari hii. Meno yetu ni ya rangi ya chai, mengine yamemomonyoka ncha kama yametafunwa na panya. Bibi yetu, mama yake baba, tuliyemwita Koko, aliona ni sifa. Alikuwa akisema, "Meno haya ndiyo kitambulisho chetu. Ukipotea Mombasa wakikufunua mdomo tu, wanakurudisha Tengeru bila kuuliza jina."

Lakini mama alikuwa wa Machame. Meno yake yalikuwa meupe, na alipocheka nilikuwa naona aibu, sijui kwa nini, kama vile mtu amefungua kabati la watu wengine. Alikuja kuolewa kwetu na sanduku la bati na pasi ya mkaa. Kazi yake ilikuwa nyumba, basi. Hakuwa na genge, hakuwa na kikundi. Uani alifagia kwa matawi akirudi nyuma kinyumenyume ili nyayo zake zisiharibu mistari. Sare zetu alizipiga pasi usiku hata kama zilikuwa na viraka vitatu. Ndizi akizimenya, maganda yalikuwa tayari yameshagawanywa, haya ya ng'ombe, haya ya shambani, kabla mimi sijajua kisu kimeshikwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umelowa maji siku zote. Akikushika shavu, unapata baridi kwanza, ndipo unapata joto.

Alipomzaa Lazaro, kaka yangu mkubwa Eliya alikuwa darasa la nne na mimi nilikuwa naanza shule. Lazaro alipopelekwa kupimwa uzito zahanati, nilikwenda nao, nikabeba mfuko wa nepi. Nesi alikuwa anaitwa Vaileti. Alituangalia mimi na Eliya midomo yetu, akamgeukia mama.

"Mama Eliya, hawa wawili ndiyo basi tena. Lakini huyu bado hajaharibika."

"Kwani ni nini, dada?"

"Ni maji yenu ya mfereji. Yana kitu ndani. Kinaanza kwenye meno, kikizidi kinapinda mifupa. Yule mtoto wa seremala anayetembea kama kaa, umefikiri amerogwa?"

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Tafuta maji mengine," akasema, akaita kadi inayofuata.

Nesi Vaileti namtaja wa kwanza. Alisema kweli, lakini alisema nusu, na mama yangu akaichukua ile nusu akaondoka nayo kama mtu aliyepewa maagizo na Mungu.

Hakujua maji mengine yako wapi. Alichofanya ni kitu ambacho sijamwona mtu mwingine akikifanya: alianza kuchekesha watoto wa watu. Njiani, kanisani, sokoni, akikutana na mtoto anamkunjia uso, anamtolea ulimi, anambinya pua, mradi acheke aone meno. Koko alisema mkwe wake amepata kichaa cha uzazi. Wiki kadhaa alichekesha watoto, akiwauliza wanakaa wapi, mpaka akagundua kwamba kuna mgongo mmoja wa mlima, juu kabisa, pembeni ya shamba la zamani la mzungu, ambako watoto wana meno meupe. Akawafuata mpaka wanapochota. Ilikuwa chemchemi ndogo chini ya mti wa mringaringa, watu wa huko waliita Maji ya Juu.

Kuanzia hapo maisha ya nyumba yetu yalipangwa na dumu moja la njano. Sisi tukienda shule, yeye anapanda. Jua likifika utosini anarudi, dumu mgongoni limefungwa kwa kanga, miguu myekundu udongo mpaka magotini. Lile dumu lilikaa chumbani kwake, kwenye kona, juu ya kigoda, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Tuliliita maji ya Lazaro. Uji wa Lazaro, maji ya kunywa ya Lazaro. Sisi wengine tulikunywa mfereji kama kawaida.

"Na mimi je?" nilimwuliza siku moja.

"Wewe meno yako yameshaiva, Naomi. Hayarudi nyuma."

"Hata kidogo tu?"

"Mwanangu, mgongo wangu ni mmoja."

Koko alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akacheka kwa sauti. "Mwanamke wa Machame! Anadhani amezaa askofu."

"Askofu naye si alizaliwa na mtu, Koko?" mama akamjibu, na wote wawili wakacheka, maana walikuwa wanapendana kwa namna yao ya kuchokozana.

Mimi sikucheka. Kichwa changu cha mtoto kilielewa hivi: yale maji ni kama sabuni. Yanaosha kwa ndani. Ukinywa ya kutosha utakuwa mweupe meno, utakuwa wa mama. Ukinywa mfereji, wewe ni wa baba na Koko. Niliona kabisa kwamba mama amegawa watoto, na mimi nimeangukia upande mbaya.

Pengine hata hivyo nisingefanya kitu. Lakini nilipofika darasa la tano kulikuwa na mwalimu wa kwaya, Mwalimu Herieli. Wageni wa Ulaya walikuwa wanakuja kutembelea usharika, na kwaya ya watoto iliwekwa mistari mitatu. Nilikuwa na sauti ya kwanza, nilisimama mbele siku zote. Mwalimu Herieli akapita na fimbo yake ya kuongozea, akatuambia tutabasamu. Tukatabasamu. Akanigusa begani kwa ncha ya fimbo.

"Wewe rudi nyuma. Na mkiimba huko nyuma msipanue sana."

Walirudishwa wengi, siyo mimi peke yangu. Lakini mbele alibaki Doreen, mtoto wa mnunuzi wa kahawa aliyehamia kutoka Sakina, ambaye hakujua hata maneno ya ubeti wa pili. Alinigeukia akasema, "Naomi, kwani kwenu mnapiga mswaki kwa ugoro?" Mstari mzima ukacheka, hata wenye meno kama yangu.

Siku hiyo hiyo nilirudi nyumbani nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa bondeni anakata majani ya ng'ombe. Nikaondoa kitambaa, nikainamisha dumu, nikajaza kikombe cha bati, nikanywa chote. Halafu, ili yasionekane yamepungua, nikaenda mfereji, nikachota kikombe kama kile kile, nikarudishia.

Nilifanya hivyo kila siku ya shule kwa mwaka na zaidi.

Nilikuwa mwangalifu kuliko nilivyowahi kuwa katika jambo lolote la halali. Nilifuta shingo ya dumu. Nilirudisha kitambaa, ua la kufuma likiangalia dirishani. Mara moja tu nilizidisha, na mama alipofungua kumchotea Lazaro akasimama, akaangalia. "Haya maji yanazaa?" akasema peke yake, akacheka. Nilikuwa nyuma yake nimeshika mlango.

Ndani ya mwaka ule ndipo shamba la mzungu likapata mzungu mwingine. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Sifaeli, mtu wa shati la kaunda na sauti laini. Aliitisha mkutano akasema mwekezaji amekuja kulima maua ya kupeleka Ulaya, na kazi zitakuwepo. Watu wakauliza, na chemchemi? Akasema chemchemi haiendi popote. Kweli haikwenda popote, ila seng'enge ilipita nje yake. Nyumba za plastiki nyeupe zikaota kule juu kama mawingu yaliyoshindwa kuruka. Maji yakaingia kwenye maua kwanza, na nje ya uzio likaachwa bomba moja la watu wote.

"Si mnaona?" Sifaeli aliwaambia kina mama. "Sasa mnachota bombani kama watu wa mjini. Mnataka nini tena?"

Baada ya muda mfupi Sifaeli alikuwa na pikapu. Sisemi zaidi. Sifaeli namtaja wa pili.

Mama aliendelea kuchota pale bombani, lakini hakuwa na amani. Siku nyingine maji yalinukia dawa, au alisema yananukia. Alikuwa anayanusa kabla ya kufunga kifuniko, na tena akifika nyumbani. Lazaro alikuwa anakaribia umri wa shule, anakimbia huku na huku, na magoti yake hayakukutana vizuri. Mama alikuwa akimsimamisha mlangoni, visigino pamoja, halafu anapitisha ngumi yake katikati ya magoti. Ngumi moja. Alifanya hivyo kila Jumapili kabla ya kanisa. Sisi tulidhani ni mchezo wao. Lazaro alikuwa anacheka kwa sababu ilimtekenya.

Kisha jino la mbele la utoto likang'oka. Lazaro mwenyewe akalirusha juu ya bati kama watoto wote. Mama alingoja lile jipya kama mtu anayengoja barua. Kila asubuhi alimwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba kilicholowa. Lilipochomoza, lilikuwa na weupe wa chaki, weupe usio mzuri. Lilipotoka lote, lilikuwa na doa, kama chai iliyomwagikia kitambaa.

Alikaa chini, pale pale kizingitini, akaniita.

"Naomi, njoo uone. Macho yangu au nini?"

Niliangalia. "Lina rangi, mama."

Ng'ombe alilia, mama hakusimama. Halafu akanitazama. Sina namna ya kuieleza ile sura. Haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe.

"Kuna mtu amekuwa anampa maji ya mfereji?"

"Hapana, mama."

"Koko hampi nikiwa sipo?"

"Hapana."

"Basi maji yameharibika," akasema. "Sifaeli na maua yake wameniharibia maji."

Kuanzia siku ile sikugusa dumu tena. Na nitawaambia nilifikiri nini, maana huo ndio ujinga wenyewe. Nilifikiri nikiacha, jino litarudi jeupe. Kama nguo iliyolowekwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kusema; ni kungoja tu, litakuwa sawa, na hakuna atakayejua. Kila asubuhi na mimi nilimwinua Lazaro mdomo nikiangalia. Alikuwa mtoto mwenye subira. Alikuwa anafungua mwenyewe akiniona nakuja.

Mama aliacha bomba. Alisikia kwamba juu zaidi, ndani ya msitu wa serikali, ng'ambo ya korongo, kuna maji yanatoka kwenye mwamba, hayajapita shamba la mtu. Akaanza kwenda huko. Sasa hakurudi jua likiwa utosini. Alirudi saa tisa, saa kumi, mikono imechorwa na miiba, upupu umemvimbisha shingo. Kabla ya kuondoka asubuhi alikuwa anabandika makande kabisa, na kwa kuwa Koko kwa uzee wake hakuweza kukaa anachochea kuni, alitia magadi mengi zaidi, donge zima badala ya nusu, ili mahindi na maharage yalainike upesi. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa Tengeru kununua magadi. Tulikula makande laini sana mwaka ule.

Jioni alimpima Lazaro kwa ngumi. Ngumi ilipita na nafasi ikabaki.

"Atanyooka," alimwambia baba. "Maji ya sasa ni safi. Mpe mwaka."

"Utajiua," baba akasema.

"Basi ninunulie punda."

Baba alicheka. Alikuwa ameuza kahawa wiki ile, na alicheka mpaka akakohoa. "Mmeru mimi, mke wangu aswage punda kama Mmasai?" Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake. Baba namtaja wa tatu, Mungu amlaze anapostahili.

Ilikuwa masika. Tulirudi kutoka shule tukiwa tumejifunika mifuko ya nailoni. Jikoni moto ulikuwa umezimika, makande yameshika chini. Koko alikuwa amekaa na Lazaro mapajani, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mama yenu hajarudi," akasema.

Eliya alikimbia kilabuni kumwita baba. Aliniambia baadaye alivyojibiwa. Baba alikuwa na kibuyu mkononi. "Ameizoea ile njia kuliko mbega. Atarudi." Akamaliza kwanza alichokuwa anakunywa. Mvua ilipopungua ndipo wanaume wakapanda, na bado kulikuwa na mwanga walipomkuta. Udongo ulikuwa umemeguka kwenye ukingo wa korongo. Alikuwa chini, kwa ubavu, kama mtu aliyelala na mtoto mgongoni. Dumu lilikuwa bado limefungwa kwa kanga. Halikupasuka. Kifuniko kilikuwa kimekazwa, limejaa.

Aliyelibeba lile dumu kulileta nyumbani alilibeba kwa mikono miwili mbele yake, hakuliweka begani wala kichwani. Nilimwona akiingia uani. Wa kwanza kuingia alikuwa yeye, kabla ya machela. Kwa hiyo mimi nililiona dumu, nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, kumbe amerudi.

Msiba ulijaa. Kina mama wa jumuiya waliwasha mafiga matatu nyuma ya nyumba, mfereji ulikuwa mchafu tope kwa mvua, wakatafuta maji ya kupikia. Mmoja akatoka chumbani na dumu la njano.

"Haya ya nani?"

"Ya humu humu ndani. Mimina tu, watu wana njaa."

Nilikuwa nimesimama nimemshika Lazaro mkono. Ningeweza kusema. Neno moja tu, haya ni ya huyu. Yalimiminwa kwenye sufuria kubwa ya kanisa juu ya mahindi. Koko akaja na kiganja cha magadi, akatia, povu likapanda. Watu mia wakala. Lazaro alikula sahani mbili.

Sifaeli alikuja na pikapu, akashusha sukari na maua. Mawaridi. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuyaona kwa karibu. Yalifungwa karatasi, yamenyooka kama askari, hayana harufu. Ua la waridi nililiona kwa mara ya kwanza juu ya mama yangu. Sifaeli akaomba kusema maneno mawili. Akasema marehemu alikuwa mama kwelikweli, mfano kwa vijana. Halafu akasema kwa ile sauti yake, "Ila tusikilizane jamani. Bomba lipo. Yeye alilikataa." Na watu, wale wale waliokuwa wamekula, wakatikisa vichwa kukubali.

Baba alioa kabla mwaka haujageuka. Eliya alikwenda Mererani akapotelea huko kwenye mashimo ya madini. Mimi nilimaliza la saba nikabaki kumlea Lazaro, na miguu yake ilikwenda ilikokuwa inakwenda, ikawa kama mabano mawili. Leo ni fundi wa pikipiki, ana kibanda chake Sakina kando ya barabara ya Nairobi, na wateja wanampenda kwa maneno. Watu wakimtazama miguu anawaambia, "Piteni tu, hapa katikati kuna njia ya mbwa." Meno anaficha kwa masharubu.

Mwaka juzi magoti yalimkaza nikampeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu, anatuamkia shikamoo huku anaandika. Aliangalia picha za mifupa, akauliza tulikuwa tunakunywa maji gani. Nikamwambia habari yote, chemchemi, bomba, mwamba. Nikasema kwa majivuno. Nikasema mama yetu hakumpa huyu maji ya mfereji.

"Na magadi mlikuwa mnatumia, mama?"

"Nani asiyetumia magadi?"

"Yale madonge ya kijivu ya sokoni?"

"Kila siku."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole kwamba kile kitu kilichomo kwenye maji kimo pia kwenye magadi, na kwenye magadi mengine kimezidi mara nyingi. Niliona donge zima mkononi mwa mama asubuhi, anaharakisha, anawahi maji safi.

Nilimngoja Lazaro atoke kwenda dirisha la dawa, nikamwuliza yule binti swali nililolibeba tangu utoto. Mtu akimchanganyia mtoto mfereji kikombe kimoja kwa siku, mwaka mmoja, kabla jino halijatoka, ndiyo sababu litatoka na rangi?

"La mbele? Hapana, mama. Jino hilo linajengwa ndani ya taya miaka ya mwanzo kabisa. Mwaka huo lilikuwa limeshakwisha."

"Kwa hiyo siyo yule mtu."

"Siyo yeye."

"Kwa hiyo mama alibeba bure."

Aliniangalia. "Pengine bila yale maji miguu ingekuwa mibaya zaidi. Pengine asingetembea kabisa."

Pengine. Nimekaa na hilo pengine miaka miwili. Nilidhani nitapumua. Lakini jino siyo langu. Uongo ndio wangu. Aliniuliza uso kwa uso kama kuna mtu anampa mfereji, na kama ningesema ni mimi, angenichapa, angelia, angeendelea na bomba la Sifaeli. Asingelijua korongo. Mwezi uliopita angekuwa kiti cha mbele, mzee, meno meupe, akirekebisha wasifu. Vaileti, Sifaeli, baba: wote nimewataja kwa sauti kubwa miaka yote, na ilinisaidia kutotaja jina la nne. Naomi.

Kesho yake baada ya maziko, wageni wameshaondoka, mimi na Lazaro tulikaa nyuma ya jiko. Mfereji siku hizi ni mkavu, umejaa mifuko. Alikuwa amenyoosha miguu yake mbele, au alivyoweza kuinyoosha.

"Ajali, eti," akasema.

Basi nikamwambia. Choo cha maneno kilikuwa kimeshajaa, sikuweza tena. Nikamwambia kikombe cha bati, kitambaa cha kufuma, mwaka mzima, na ile hapana yangu pale kizingitini. Sikumwambia ya daktari kwanza. Nilitaka alisikie bila dawa.

Nilingoja anitukane. Ningemshukuru.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku ya shule."

"Kikombe kizima?"

"Kizima."

Akachukua kijiti, akachimba udongo wa unyayo wa kiatu. Akasema, "Dada, mimi sikumbuki hata funda moja. Sura yake yenyewe imenifutika, naijua kwa ile picha ya kipaimara cha Eliya. Maji ya Lazaro, maji ya Lazaro, nimeambiwa maisha yangu yote, lakini nilikuwa mtoto, sina ninachokumbuka. Wewe uliyanywa ukiwa na akili." Akaninyanyulia macho. "Yalikuwaje?"

Ilibidi nifikiri. Ya mfereji nayakumbuka vizuri, yana chumvi kidogo, yana jiwe, yanang'ang'ania ulimi. Nikayatafuta yale mengine.

"Hayakuwa na ladha," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Unameza, unangoja, hakuna kitu. Baridi tu, halafu hakuna."

Lazaro akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye mbao za jiko.

"Niambie tena," akasema.